Ni ile eksirei ya usiku? Nilivyoanza kuwauliza wazee wa kazi ya baba

Ami yangu ana kidole ambacho ukimpa mkono unakihisi kabla hujakiona. Ni kile cha shahada, mkono wa kulia. Ncha yake ni ngumu, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta na haina mistari kabisa, ukucha umepinda na miaka yote hii haujawahi kuota sawa. Mwaka 2019 tulipokwenda kusajiliwa Huduma Namba, ule usajili wa serikali, mashine ya alama za vidole ilikikataa kile kidole, yule kijana akamwambia mzee futa vizuri ujaribu tena, akafuta, akajaribu, mashine ikakataa, mara tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sikuuliza kitu, manake tangu utotoni tuliambiwa ami aliungua kazini na kazi yao ilikuwa ya weldi, sasa mtu wa weldi kuungua kidole nani atauliza?

Kumbe hakuungua kwa weldi.

Nianze mwanzo. Baba, ami na wenzao wanne walifanya kazi na kampuni moja ya kandarasi hapa Mombasa, sitaitaja jina, kuanzia 1996 mpaka 2003. Walikuwa wanajenga na kurekebisha matangi na mabomba makubwa. Weldi ikishapigwa lazima ikaguliwe ndani kama ina ufa au kitundu, na huwezi kuona kwa macho, kwa hivo unaipiga eksirei. Ila sio eksirei ya umeme kama ya hospitali. Wanatumia kitu kidogo sana, kipande cha madini yanayotoa mionzi, yanaitwa iridiamu-192, ukubwa wake hata punje ya mchele inakishinda, kimefungiwa ndani ya sanduku zito ambalo wao waliliita kamera. Upande mmoja wa kamera kuna kebo unayozungusha kwa mkono ukiwa mbali, upande wa pili kuna bomba la kupitishia. Unazungusha, kile kipande kinatoka mpaka kwenye weldi, kinakaa dakika kadhaa, filamu iliyo upande wa pili inapigwa picha, halafu unazungusha kukirudisha ndani. Kazi yenyewe ni usiku, wengine wakishaenda nyumbani.

Mama alikuwa anaita "ile eksirei ya usiku". Baba akirudi alfajiri anaoga, anaswali, analala.

Mwaka jana tulimzika mzee wa tatu katika wale sita. Kansa ya koo la chakula. Tumetoka makaburini Kikowani, tumerudi matangani, watu wamekaa mkekani, ndipo mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini tu, kama anaongea na nafsi yake, "ile eksirei inatumaliza mmoja mmoja." Hakuna aliyejibu. Baba aliangalia chini. Mimi usiku huo sikulala, na asubuhi nikanunua daftari la kurasa 96 nikaandika majina sita na mbele ya kila jina ugonjwa.

Mmoja alikufa 2005 kwa lukemia, yaani kansa ya damu, akiwa na miaka 38. Wa pili presha na figo, alikufa 2014. Wa tatu ndio huyo wa koo. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili na alianza kabla hajafika hamsini. Ami ana kidole. Wa sita yuko Ukunda, mzima wa afya, analima na anaendesha bodaboda.

Nikitazama hiyo orodha nilijiambia hii kesi imeisha, ushahidi si huu hapa? Sasa ndio nataka kuwaeleza kwa nini haijaisha, manake miezi kumi na moja nimesoma, nimeuliza, nimemsumbua daktari mmoja rafiki yangu wa shule mpaka akawa hashiki simu, na kila nikisoma naona swali langu la kwanza lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza: huyu anaumwa nini? Swali lenyewe ni: huyu alisimama wapi, na kwa muda gani?

Kansa haiji na jina la aliyeileta. Lukemia iliyoletwa na mionzi na lukemia iliyokuja yenyewe, ukiziweka chini ya hadubini zinafanana. Na kansa ni ugonjwa wa watu wengi, duniani karibu mtu 1 kati ya 5 ataipata maishani mwake. Kansa ya koo la chakula ndio kabisa, hapa Kenya na Afrika Mashariki iko juu hata kwa watu ambao hawajawahi kuona kamera ya iridiamu. Ukichukua wanaume sita wowote wa Magongo ukawafuata miaka ishirini na tano utapata vifo na utapata kansa. Hilo lilinikasirisha kulisoma, nikafunga laptopu nikaenda kukaa nje.

Kuna wengine walioumizwa kazini walikuwa na bahati ya ajabu kidogo, kama inaweza kuitwa bahati: ushahidi ulibaki ndani ya miili yao. Marekani huko New Jersey, kuanzia 1917, wasichana wa kiwanda cha US Radium Corporation walikuwa wanapaka rangi ya radiamu kwenye saa ili namba zing'ae gizani, na brashi wanaichonga ncha kwa midomo. Wakaanza kuoza taya. Mmoja alikufa 1922 na ikaandikwa ni kaswende. Kaswende! Msichana wa watu. Daktari wa serikali pale, Harrison Martland, alianza kuwapima wagonjwa na maiti 1925 na akaonyesha radiamu imo miilini mwao, mpaka wanatoa pumzi yenye mionzi. Halafu 1927 yule aliyeandikiwa kaswende akafukuliwa, mifupa yake ikawekwa na filamu gizani, ikajipiga picha yenyewe. 1928 kesi ya wenzake watano ikamalizwa kwa malipo. Radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hivo ushahidi ulikuwa umelala nao kaburini ukiwangoja.

Na hata hapa kwetu, Owino Uhuru. Wengi mnaijua, kile kiwanda cha kuyeyusha betri na madini ya risasi yaliyoingia kwenye maji na vumbi na damu za watoto. Yule mama, Phyllis Omido, alianza na damu ya mtoto wake mwenyewe, ilipimwa ikaonekana risasi, na hiyo namba haikuweza kubishiwa. Mahakama ya hapa Mombasa ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, ikapigwa rufaa, mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Watu walihangaika miaka, lakini angalau kitu chenyewe kilikuwa ndani ya mwili na kinapimika.

Sisi hatuna hicho. Iridiamu ya kamera imefungwa, haikushiki, huirambi, huibebi nyumbani kwenye nguo. Mionzi yake inakupitia kama mwanga unavyopita dirishani na ukishatoka hapo mwili wako hauna kitu cha kuonyesha mashine. (Na niseme hapa kwa wale waliomwambia mama asilale chumba kimoja na baba: mtu aliyepigwa na mionzi ya namna hiyo haambukizi, nguo zake haziambukizi, watoto wake hawakuambukizwa kwa kumkumbatia. Yalimuumiza mama maneno hayo.) Kinachobaki ni kromosomu zilizovunjika ndani ya seli za damu, kuna maabara zinaweza kuzihesabu, ila zile zinazohesabiwa kwa urahisi zinapungua kadiri miaka inavyopita, na wazee wetu wana zaidi ya miaka ishirini tangu watoke.

Lakini kidole cha ami kimebaki.

Nilimkalisha barazani Ijumaa moja baada ya swala, nikamwambia ami nataka unieleze siku ya kidole, yote, usiruke. Akasema kebo ilikwama. Walizungusha kurudisha wakaona imegoma, bomba lilikuwa limepinda kwenye kona, akaambiwa nenda kalinyooshe. Akaenda, akalishika na kulinyoosha, kama dakika moja hivi. Mita ya kupimia? Ilikuwepo, betri imekwisha. Usiku ule hakuhisi chochote. Kesho yake hakuna kitu. Wiki nzima hakuna kitu. Baada ya wiki mbili kidole kikawa chekundu, kikavimba, kikatoa lengelenge, kikauma mpaka akawa analala na mkono ndani ya ndoo ya maji. Alipewa dawa ya kuungua.

Nilipoandika "wiki mbili" mkono wangu ulitetemeka. Moto ukikuunguza unakuunguza palepale, unapiga kelele palepale. Mionzi haiko hivo, ngozi inaonekana nzima kwa siku nyingi halafu ndio inaharibika, manake zilizouawa ni seli za chini ambazo zingekuja kuwa ngozi mpya. Huo ucheleweshaji ndio sahihi yake. Peru 1999, kwenye mtambo wa umeme wa Yanango, fundi weldi aliokota kipande cha iridiamu kilichodondoka akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akakaa nacho masaa, na mwishowe mguu ulikatwa. Mohammedia, Moroko, 1984, kipande kama hicho kilibebwa mpaka nyumbani na watu 8 wakafa, hawakujua ni nini. Kwa hivo kwa kidole cha ami mimi sina shaka, na nilimwambia hivo. Alikiangalia kidole chake muda mrefu. Akasema, "kwa hivo nilikuwa nasema uongo miaka yote." Nikamwambia hapana ami, uliambiwa uongo.

Sasa wale wengine. Hapo ndipo ikabidi nipime umbali, na sikuwa na namna ila baba.

Baba si mtu wa maneno mengi. Nikamletea kahawa na kashata, nikamwambia nionyeshe mlivyosimama. Akachukua kikombe akakiweka katikati ya mkeka, "hii ndio weldi." Kashata moja akaiweka pembeni, "hii kamera." Akachukua uzi wa bi mkubwa wa kushonea kofia akaunyoosha, kebo. Halafu akasimama, akatoka pale kwenye kikombe akihesabu hatua zake, akafika mlangoni, kumi na mbili. "Hapa nilikuwa mimi na yule marehemu wa damu." Na wengine? Akatoka nje kabisa, akavuka uwanja, akasimama kwenye mwembe wa jirani. Fundi wa figo alikuwa huko, yeye kazi yake ilikuwa kulinda kamba watu wasipite. Na yule wa koo alikuwa dereva, analala ndani ya gari barabarani.

Miaka yote nimewaweka sita kwenye orodha moja, kumbe walikuwa mahali tofauti kabisa. Na kwa mionzi umbali ni kila kitu, ukienda mbali mara mbili unapata robo, mara nne unapata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa upande mwingine ukisogea kutoka mita 1 hadi sentimita 1 unazidishiwa mara elfu kumi, ndio maana dakika moja ya ami ilitosha.

Nikapiga hesabu na yule daktari rafiki yangu (alirudi kushika simu, Mungu ambariki). Kipande kipya cha terabekereli 1 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kipande), kiasi cha kawaida kwa kazi hizo, mtu akiwa kama mita 9 bila kizuizi anapata milisiveti 1 na nusu hivi kwa saa (milisiveti ni kipimo cha mionzi iliyompata mtu). Mtu wa kawaida mtaani asizidishiwe milisiveti 1 kwa mwaka mzima kutoka kwenye shughuli kama hizo. Mfanyakazi wa mionzi, wastani wa 20 kwa mwaka. Baba anasema usiku mmoja picha kumi, dakika tatu kila moja, kama nusu saa jumla, na mwaka una usiku kama mia wa kazi hiyo. Hiyo inakaribia milisiveti 80 kwa mwaka. Ila iridiamu inapungua nusu kila siku 74 na si kila mara wanaletewa mpya, na mara nyingine walikuwa na kofia ya madini ya risasi ya kuziba mionzi upande mmoja, kwa hivo tukaikata hesabu mara nne, ikawa 20. Miaka saba: kama 140 tukikata, zaidi ya 500 tusipokata.

Sasa angalieni hii inavyofanya. Kuna utafiti mkubwa wa wafanyakazi wa nyuklia karibu 310,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, unaitwa INWORKS. Matokeo ya 2015 kuhusu lukemia yalionyesha hatari inaongezeka karibu mara 3 juu ya kawaida kwa kila greyi 1 (kwa mionzi hii ichukulie kama milisiveti 1,000), na ya 2023 kuhusu kansa ngumu za viungo yalionyesha vifo vinaongezeka asilimia 52 kwa greyi 1. Hayo ni makadirio na yana upana wake. Ukiyaweka kwenye namba zetu, yule marehemu wa lukemia aliyesimama na baba, kwa hesabu ya chini uwezekano kwamba ni mionzi ni kama asilimia 30. Kwa hesabu ya juu unapita 60. Mtu yuleyule, ugonjwa uleule, kaburi lilelile, na jibu linatoka "labda hapana" kwenda "yaonekana ndio" kwa sababu ya karatasi ya kipimo cha mionzi aliyoipata, ambayo hatuna. Yule wa koo hata tungemhamisha kwenye gari tukamweka mlangoni pamoja na baba, kwa hesabu ya chini isingefika asilimia 10. Akiwa barabarani ni karibu na hakuna. Na presha na figo za yule wa kamba, kwa umbali ule, sioni njia.

Nilikwenda kwa mjane wa yule wa koo kumwambia. Ilikuwa ngumu kuliko yote. Alikuwa ameshikilia kwamba kampuni ndio ilimuua na mimi ndio nilimtia hayo matumaini kwa kuzunguka na daftari. Nikamwambia mama, kwa nilivyoona, yeye sio. Alinyamaza, akanitilia chai, akasema "na gari lenyewe lilikuwa halina breki." Sijui nieleze vipi nilivyojisikia.

Kuna wakili alitaka tuweke wote sita kwenye shauri moja, ati wingi unatisha. Nilikataa na bado nakataa. Ukiweka presha na lukemia kwenye kapu moja, atakuja mtaalamu wao aonyeshe presha si ya mionzi, na akishaitoa hiyo anatoa na lukemia na kidole kwa mkono huohuo. Na yule afisa niliyempata kwenye simu, wa upande wa pili, yeye alisema neno moja tu, "ushahidi uko wapi?" Huyo ndiye anayeniudhi zaidi, manake kipimo kilikuwa kazi ya mwajiri, si kazi ya kibarua. Wamarekani walipotunga sheria yao ya fidia ya 2000 kwa wafanyakazi wa silaha za nyuklia, walikubali kwamba rekodi nyingi za kipimo hazikuwepo au ni mbovu, na wakaweka kwamba pale penye shaka hesabu ichukuliwe upande unaomfaa mgonjwa, na kuna vikundi vya wafanyakazi ambao kipimo chao hakiwezi kukadiriwa kabisa na hao wanalipwa kwa aina fulani za kansa bila kudaiwa namba. Hilo naliona ni haki.

Macho ya baba nimeyaacha mwisho kwa sababu ni yangu. Mionzi inaweza kuleta mtoto wa jicho, na mara nyingi huanzia nyuma ya lenzi, katikati, tofauti na ule wa uzee wa kawaida. Daktari angeweza kuona ulianzia wapi. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji 2011, lenzi ikatolewa ikatupwa, na hakuna aliyeandika ulikaa vipi. La kushoto tulilipeleka mwezi uliopita likapigwa picha, na ndiyo, uko nyuma. Lakini baba ana sukari pia tangu 2009, na sukari inaweza kuleta uleule. Nimeandika vyote viwili kwenye daftari, mstari mmoja.

Kwa viwango vya kimataifa rekodi ya kipimo cha mfanyakazi inatakiwa itunzwe mpaka afikishe miaka 75, na isipungue miaka 30 tangu aache hiyo kazi, na mwenyewe ana haki ya kuiona. Baba ana 67. Kampuni ilishabadilisha jina na wenyewe, nilipoenda nikaambiwa hakukuwa na beji za kupimia mionzi kwa vibarua, kwa hivo hakuna rekodi ya kutunzwa. Baba mwenyewe anakumbuka beji mbili kwa watu sita, anavaa anayeshika kebo.

Jumamosi iliyopita mtoto wa yule marehemu wa lukemia alinipigia, tulisoma madrasa moja. Walikuwa wanafungua sanduku la baba yao, nguo, kofia, vyeti. Ndani ya mfuko wa shati la kazi kuna kibeji cha plastiki, kina klipu ya kutu na filamu ndani. Beji hiyo ilitakiwa irudishwe kila mwisho wa mwezi isomwe. Filamu imeshakufa, miaka na joto la Mombasa vimeimaliza, haiwezi kusomwa tena. Ila mbele kuna karatasi, kwa kalamu ya wino, imeandikwa namba, jina lake, na "MACHI 2002".

Namba inatoka kwenye daftari la mtu. Kama kuna namba kuna mahali iliandikwa, na kuna mahali zile za Januari na Februari zilipelekwa. Barua nimeiandika jana, nimeweka picha ya beji mbele na nyuma, nakala moja kwa kampuni, nakala nyingine kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa na sheria ya 2019, nikaomba rekodi za namba hiyo kuanzia 1996. Baba alitia sahihi kama shahidi, ami akatia yake chini. Karani alimpa ami wino apige na kidole gumba, akasema hapana, akakitumbukiza kile cha shahada, kikatoka doa jeusi tupu bila mstari hata mmoja, akasema kiache hivohivo.